Walizaliwa mali ya watu, wakaketi bungeni: wabunge wa kusini mwa Marekani baada ya utumwa

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Juma lililopita, katika mjadala uliohusu mambo mengine kabisa, mchangiaji mmoja aliandika kwa kupita tu kwamba watumwa wa kusini mwa Marekani walipoachwa huru walipewa ubunge hali hawajui hata kusoma, wakafuja mali ya umma, ndipo wakaondolewa. Watu kadhaa wakamuunga mkono. Nilitaka kumjibu palepale, lakini jibu likawa refu kuliko mada yenyewe, kwa hiyo nimeona nilifungulie uzi wake. Msimamo wangu nausema mapema: "walipewa" si kweli, "hawajui" ni nusu ya kweli, na "ndipo wakaondolewa" ni maneno yanayoficha bunduki.

Nianze na hesabu, maana wengi huiruka. Sensa ya mwaka 1860 iliikuta South Carolina na watu 703,708, na kati yao 402,406 walikuwa watumwa. Mississippi nako watumwa walizidi nusu ya watu wote. Utumwa ulifutwa na Marekebisho ya 13 ya Katiba mnamo Desemba 1865, lakini mabunge ya wazungu katika majimbo hayo yalikuwa yameshaanza kutunga sheria za kumrudisha mtu mweusi shambani kwa jina jingine: asiye na mkataba wa kazi alikamatwa kwa uzururaji, akatozwa faini, na akishindwa kulipa akakodishwa kwa mwenye shamba. Machi 1867 Bunge la Marekani likayaweka majimbo kumi ya kusini chini ya jeshi, likaagiza kila moja liandike katiba mpya kwa wajumbe watakaochaguliwa na wanaume weusi na weupe pamoja. Wanaume weusi zaidi ya 700,000 walijiandikisha. Palipokuwa na wapiga kura weusi wengi, wakachaguliwa watu weusi wengi. Ndiyo maana nasema hawakupewa.

Januari 1868 mkutano wa kuandika katiba ya South Carolina ulifunguliwa Charleston, mji uleule ambamo hati ya jimbo kujitenga na Marekani ilitiwa saini Desemba 1860, na ambako mizinga ya kwanza ya vita kati ya Kusini na Kaskazini ililia Aprili 1861. Wajumbe weusi walikuwa wengi kuliko weupe, na wengi wao miaka mitatu tu nyuma wangeweza kuuzwa mnadani katika mji huohuo. Bunge lililofuata nalo lilikuwa na wabunge weusi wengi kuliko weupe, na ni South Carolina peke yake iliyofika hapo. Kwa majimbo yote ya kusini, katika miaka hiyo iliyokuja kuitwa Ujenzi Mpya, wanahistoria wamehesabu wabunge weusi wa majimbo zaidi ya 600. Si wote waliozaliwa utumwani, kwa kuwa wako waliozaliwa huru, wengine wakitoka kaskazini. Mimi nawasemea wale waliozaliwa wakiwa na bwana.

Sasa tuje kwenye ujuzi. Katika South Carolina, sheria ya mwaka 1834 ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma, na aliyemfundisha aliadhibiwa. Kwa hiyo kumlaumu mtu kwamba hakusoma, hali kusoma kwake kulikuwa kosa la jinai, ni kumfunga mtu miguu kisha kumcheka kwamba hajui kukimbia. Lakini naomba tuitazame orodha ya kazi walizozifanya kabla ya uhuru. Tutakuta vinyozi, waendesha magari ya farasi, maseremala, wahubiri, wahudumu wa hoteli, mabaharia. Hizi zilikuwa kazi za kusikia. Kinyozi ananyoa ndevu za majaji na wafanyabiashara nao wanazungumza kana kwamba hana masikio. Mwendesha gari anampeleka bwana kwenye mkutano na kumrudisha. William Beverly Nash, aliyekuwa seneta wa jimbo la South Carolina kuanzia 1868, alikuwa mtumwa katika hoteli moja ya Columbia, mji mkuu wa jimbo, mahali ambapo wanasiasa walikula na kulala. Nani atasema mtu huyo aliingia bungeni hajui siasa inavyoendeshwa?

Huko Natchez, Mississippi, alikuwepo kijana aitwaye John Roy Lynch. Mama yake alikuwa mtumwa na baba yake Mwairishi, msimamizi wa shamba, aliyekufa kabla hajawakomboa. Majeshi ya Kaskazini yalipoingia Natchez mwaka 1863, Lynch akawa huru akiwa na umri wa miaka 15. Alisoma shule ya usiku kwa miezi michache, kisha akafanya kazi katika studio ya kupiga picha iliyopakana na shule ya wazungu, na madirisha yakiwa wazi alisikiliza masomo kutoka upande wa pili wa kichochoro. Mwaka 1869 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo. Januari 1872, akiwa na miaka 24, akawa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Mississippi. Alipomaliza muda wake wabunge wa vyama vyote viwili, wakiwamo waliompinga, walichanga wakamzawadia saa ya dhahabu na mkufu wake.

Ila ninayempenda kuliko wote ni Robert Smalls. Alizaliwa Beaufort, South Carolina, mwaka 1839, katika kibanda nyuma ya nyumba ya bwana wake. Akiwa kijana alipelekwa Charleston kukodishwa kazi, mshahara ukienda kwa bwana, akaishia kuwa rubani, kwa maana ile ya zamani ya pwani yetu, yaani mtu wa kukipitisha chombo kwenye miamba na mikondo. Wenyewe walimwita mshika usukani tu, kwa sababu cheo cha rubani hakikupewa mtu mweusi. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu wa Planter, meli ya jeshi la Kusini, walipokwenda kulala nchi kavu, Smalls na wenzake watumwa waliing'oa nanga, wakawapitia wake na watoto wao waliokuwa wamefichwa mahali, kisha wakaelekea baharini. Smalls alivaa kofia ya nahodha, akasimama kama alivyozoea kusimama nahodha, na kila walipopita ngome alipiga honi kwa ishara sahihi, hata Fort Sumter penyewe. Walipotoka nje ya shabaha ya mizinga walitweka shuka jeupe, wakaikabidhi meli kwa Wanamaji wa Kaskazini pamoja na mizinga yake.

Kwa sehemu ya tuzo aliyolipwa, na kwa mnada wa nyumba zilizonyang'anywa kwa kutolipiwa kodi, Smalls aliinunua ile nyumba ya bwana wake huko Beaufort, ambayo nyuma yake ndiko alikozaliwa. Mwaka 1868 akawa mjumbe wa mkutano wa katiba, akatoa hoja kwamba jimbo lianzishe shule za umma zisizo na ada kwa watoto wote. Akaingia Baraza la Wawakilishi la jimbo, kisha Seneti ya jimbo, kisha Bunge la Marekani.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakushukuru kwa uzi. Hata hivyo naona umechagua watu wawili au watatu mashujaa ukatuwekea mbele. Mtu kuiba meli ni ushujaa, sikatai, lakini si kutunga sheria. Naomba utueleze mabunge hayo yalifanya nini, na usitufiche habari za rushwa, maana nazo nimezisoma.

Mleta uzi

Swali la haki kabisa, ndugu yangu.

Katiba ya South Carolina ya mwaka 1868 ndiyo iliyoleta, kwa mara ya kwanza katika jimbo hilo, mfumo wa shule za umma kwa watoto wote. Iliondoa sharti la kuwa na mali ili mtu ashike wadhifa, ikafuta kifungo kwa sababu ya deni, ikamlinda mwanamke aliyeolewa ili mali yake isichukuliwe kulipia madeni ya mumewe, na ikaruhusu talaka, ambayo jimbo hilo halikuwa nayo. Tazama kwamba mambo haya mengi yaliwafaa wazungu maskini vilevile. Mwaka 1869 bunge likaunda tume ya ardhi iliyonunua mashamba, ikayakata vipande na kuviuza kwa mkopo wa polepole. Tume hiyo ilianza vibaya, kwa maana baadhi ya ardhi ilinunuliwa kwa bei ya kuruka, lakini maelfu ya familia zilipata mahali pa kulima, na kijiji kimoja kilichotokana nayo, Promised Land, kipo mpaka leo.

Huko Texas, seneta Matthew Gaines, mhubiri aliyezaliwa utumwani Louisiana, alipigania elimu ya umma na alikuwa miongoni mwa waliopitisha sheria ya mwaka 1871 iliyozaa chuo kinachoitwa leo Texas A&M. Sanamu yake ilisimamishwa hapo mwaka 2021, miaka 150 baadaye.

Halafu kuna Abraham Galloway wa North Carolina. Mwaka 1857 alitoroka kwa kujificha melini kati ya mapipa ya tapentaini mpaka Philadelphia, akaendelea hadi Kanada. Wakati wa vita alirudi kusini akawa jasusi wa jeshi la Kaskazini, na mwaka 1864 aliongoza ujumbe wa watu weusi uliokutana na Rais Lincoln kudai haki ya kura. Inasemwa hakujua kusoma wala kuandika. Alipoingia Seneti ya jimbo mwaka 1868, alileta hoja ya kuwapa wanawake haki ya kupiga kura, nusu karne kabla taifa halijakubali. Alifariki 1870 akiwa na miaka 33 tu. Waliosoma waliketi jirani naye na hawakuliona jambo hilo.

Kuhusu rushwa sitaficha. Ilikuwepo, hasa katika hati za mikopo ya reli na katika zabuni za serikali. Smalls mwenyewe alitiwa hatiani mwaka 1877 kwa kupokea hongo ya dola 5,000, akasamehewa na gavana mwaka 1879; wapo wanaosema kesi ilikuwa ya kisiasa, na mimi naegemea huko kwa sababu msamaha ulikwenda sambamba na kufutwa kwa mashtaka ya wapinzani wake. Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Spika aliyepoteza dola 1,000 katika kamari ya mashindano ya farasi, bunge likampigia kura ya kumfidia kiasi hichohicho. Spika huyo, Franklin Moses, alikuwa mzungu wa ukoo unaojulikana jimboni. Katika miaka hiyohiyo genge la mwanasiasa mzungu Tweed lilikuwa likiukamua mji wa New York bila msaada wa mbunge mweusi hata mmoja, na hakuna aliyependekeza kwamba wazungu wa New York wanyimwe kura.

Mchangiaji wa pili

Hapo mwanzo umesema "bunduki" halafu hukurudi. Waliondolewaje, ikiwa walikuwa na kura nyingi?

Mleta uzi

Georgia walianza kwa kura ya bunge lenyewe. Katika uchaguzi wa 1868 walichaguliwa wabunge weusi, wanaokumbukwa leo kwa jina la Wale 33 wa Kwanza. Septemba mwaka huohuo wenzao wazungu, baadhi yao wa chama chao wenyewe cha Republican, walipiga kura kuwafukuza, kwa hoja kwamba katiba ya jimbo imempa mtu mweusi haki ya kuchagua lakini haikutaja haki ya kuchaguliwa. Wachache waliokuwa weupe kwa sura waliachwa, kwa kuwa haikuwezekana kuthibitisha asili yao. Viti vikagawiwa walioshindwa katika uchaguzi. Henry McNeal Turner, ambaye yeye alizaliwa huru, alisimama kabla ya kura akasema hakuja kuomba wala kunyenyekea, amekuja kudai haki yake. Siku chache baadaye, tarehe 19 Septemba, mmoja wa waliofukuzwa, Philip Joiner, alikuwa katika msafara wa watu waliotoka Albany kwa miguu kwenda mkutano wa hadhara Camilla. Walipofika mjini walimiminiwa risasi, na watu wasiopungua tisa waliuawa. Iliwabidi wangoje mpaka Januari 1870, kwa amri ya Bunge la Marekani, ndipo wakarudi katika viti vyao.

Miongoni mwao alikuwepo Abram Colby wa wilaya ya Greene, aliyezaliwa utumwani na kuachwa huru na baba yake, aliyekuwa ndiye bwana wake. Alipotoa ushahidi mwaka 1871 mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, alieleza kwamba wafanyabiashara walimwendea na kumwahidi dola 5,000 ahamie upande wao, au dola 2,500 amwachie mtu mwingine kiti chake. Akawaambia hatakubali hata wakimpa thamani ya wilaya nzima. Siku mbili baadaye, Oktoba 1869, watu wa Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu, walivunja mlango wake usiku, wakamtoa kitandani mbele ya mama yake, mkewe na binti yake mdogo, wakampeleka msituni wakamchapa kwa muda wa saa tatu au zaidi, wakamwacha wakidhani amekufa. Walimwuliza kama atarudia kukipigia kura chama chake. Akajibu kwamba uchaguzi ukiwa kesho, atakipigia. Kamati ilipomwuliza ni watu wa namna gani, alisema wengine ni watu wa daraja la juu mjini: mmoja wakili, mmoja daktari, wengine wakulima.

Nawaomba mlisome tena jibu hilo la mwisho. Tumezoea kudhani kwamba ghasia za namna hii hufanywa na wahuni.

Mchangiaji wa tatu

Shukrani, mwalimu. Nimejiuliza kuhusu kwetu pwani. Unguja na Pemba, Mombasa, Bagamoyo, watumwa nao waliachwa huru. Mbona hatusikii hata mmoja aliyeingia kwenye baraza la kutunga sheria?

Mleta uzi

Kwa sababu uhuru wenyewe ulikuja kwa njia nyingine. Amri ya Zanzibar ya Aprili 1897 haikumfungulia mtumwa mlango. Ilimtaka aende mwenyewe mahakamani kuomba hati yake, bwana akalipwa fidia, na masuria wakaachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Pwani ya Kenya hadhi ya utumwa ilifutwa 1907, Tanganyika 1922. Kura haikuwepo kwa mtu yeyote. Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar liliundwa 1926 kwa wajumbe wa kuteuliwa, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika 1957. Kijana aliyechukua hati yake 1897 akiwa na miaka 20 angekuwa na miaka 80 siku ya kupanga foleni ya kura. Kule South Carolina ilikuwa miaka mitatu. Sidhani kwamba wa kwetu walikosa akina Smalls. Hata marubani tulikuwa nao.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekubali mengi. Malizia basi, mambo yaliishaje?

Mleta uzi

Hayakuisha siku moja. Mwaka 1877 majeshi ya shirikisho yaliacha kuzilinda serikali za mwisho za Ujenzi Mpya, na wabunge weusi wakapungua uchaguzi baada ya uchaguzi. Kisha wakafungiwa kwa katiba. Mississippi mwaka 1890 ilileta kodi ya kura na mtihani wa kusoma au kufafanua katiba, ambao msahihishaji wake alikuwa karani mzungu. Hapo pana jambo chungu: mjumbe pekee mweusi katika mkutano ule, Isaiah Montgomery, mwanzilishi wa mji wa Mound Bayou, naye mzaliwa wa utumwani, aliunga mkono. South Carolina ilifuata 1895. Wajumbe weusi walikuwa sita kati ya 160, na Smalls, sasa ana miaka 56, alikuwemo. Wazungu walipokuwa wakiandika kifungu cha kukataza ndoa kati ya weupe na weusi, alipendekeza iongezwe kwamba mzungu yeyote atakayeishi kinyumba na mwanamke mweusi asishike wadhifa wa umma, na mtoto atakayezaliwa achukue jina la baba na amrithi. Pendekezo likakataliwa, kama alivyojua litakataliwa. Katiba ilipokamilika hakuitia saini. Wabunge weusi wachache waliobaki walitoweka miaka michache baadaye, na mpaka mwingine achaguliwe South Carolina, ilikuwa 1970.

Kabla sijafunga, nimtaje mmoja ambaye hana sifa za Smalls. Prince Rivers alikuwa mtumwa huko Beaufort, mwendesha gari la farasi la bwana wake, na alijua kusoma ingawa sheria ilikataza. Alikuwa sajini katika kikosi cha kwanza cha wanajeshi weusi wa South Carolina, na tarehe 1 Januari 1863, siku ya kusomwa tangazo la uhuru la Rais Lincoln, alikuwa mmoja wa waliokabidhiwa bendera za kikosi. Aliketi katika mkutano wa katiba wa 1868, kisha bungeni mpaka 1874, akashiriki kuianzisha wilaya ya Aiken. Julai 1876 alikuwa hakimu wa mji mdogo wa Hamburg. Wazungu wawili walilalamika kwamba wanamgambo weusi wamewazibia njia, kesi ikaletwa kwake, na siku ya kuisikiliza mamia ya wazungu wenye silaha wakajaa mjini. Watu weusi sita waliuawa, baadhi yao wakiwa wameshakamatwa na kutolewa mmojammoja. Rivers alifungua uchunguzi na kutoa hati za kuwakamata wazungu wengi. Hakuna aliyehukumiwa.

Baada ya serikali kubadilika alirudi Aiken, ambako hoteli zilianza kujaa matajiri wa kaskazini waliokuja kukwepa baridi. Alifanya kazi ya kuwaendeshea magari ya farasi mpaka alipofariki mwaka 1887.